Chupa Ndani ya Gunia la Unga

Watu wengi wa parokia yetu wanaamini kwamba maini yangu yaliharibiwa na maji machafu. Mimi ndiye niliyewaacha waamini hivyo. Mtu aliponipa pole kwa ajili ya "yale maji ya ziwa", nilishukuru na kunyamaza. Lakini kiangazi kimerudi, Goma nzima inakohoa vumbi, na juzi kwenye farmasi nilimwona mwanamke akiomba siro mbili za kikohozi za aina mbili, macho yake yakiyakwepa ya muuzaji. Namjua mwanamke huyo, ingawa sijawahi kukutana naye. Ninaandika kwa ajili yake.

Naitwa Vumilia. Nina miaka arobaini na minne. Nauza nafaka katika soko la Birere. Zamani nilikuwa nauza unga, wa muhogo na wa mahindi. Mume wangu, Deo, ni karani kwenye depo ya saruji. Wazazi wetu sote wawili walitoka upande wa Bukavu, na nyumba yetu ni ya mbao, juu ya mawe meusi ya volkano kama nyumba nyingi za hapa. Tuna watoto watatu. Wa kwanza ni Asifiwe, ambaye wakati mambo haya yanaanza alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa anamaliza shule.

Na kwa miaka kumi na minane mimi ndiye niliyeimba zaburi katika kwaya kubwa. Nalitaja hili mwisho kwa sababu ndilo lililokuwa la kwanza moyoni mwangu. Kwingine kote, kama mama yeyote wa Goma, niliitwa kwa jina la mtoto wangu: Mama Asifiwe. Kwenye kwaya tu ndipo nilipobaki Vumilia.

Kikohozi kilianza mwaka juzi, mwezi wa sita, mvua zilipokatika. Unga ulikuwa unanikaa kooni mchana kutwa, na vumbi la pikipiki linakuja juu yake. Mwanzoni nilikohoa asubuhi tu. Baadaye nilikohoa nikicheka, nikipanda mteremko, nikiinama kufunga gunia. Jumamosi moja kwenye mazoezi nilikatika mara tatu katika ubeti mmoja, na maestro wetu, Papa Kizito, akaweka kalamu chini.

"Vumilia, tafuta dawa. Kesho Askofu atakuwa hapa."

Nilipitia farmasi njiani. Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani, alinipa chupa ndogo ya kahawia. "Hii iko na nguvu, mama. Kifuniko kimoja asubui, kimoja mangaribi. Siku tano tu. Usipitishe. Ikikataa kupona, uende bakupime kifua."

Nilimwambia ndiyo. Kesho yake niliimba zaburi toka mwanzo hadi mwisho na koo langu lilikuwa laini kama la msichana. Siku ya sita sikwenda kupimwa kifua. Nilikwenda kununua chupa nyingine.

Mwezi wa tisa Asifiwe alitoka kwaya ya watoto akaingia ya kwetu. Alisimama safu ya nyuma, nyuma yangu kabisa. Nilifurahi, nasema kweli. Nilimshonea pagne, vazi la kitenge la kwaya, kwa mkono wangu. Halafu ikaja ile Jumapili ya mvua za kwanza. Nilikuwa nimesahau kunywa dawa kwa sababu ya haraka, na katika ubeti wa pili kikohozi kikanishika, kile kinachokunja mtu mpaka machozi yatoke. Kiganda, mpiga kinanda wetu, alisita. Kanisa likanyamaza. Na kutoka nyuma yangu sauti ikauchukua mstari pale pale nilipouacha, bila kuuliza, bila kutetemeka, ikaupeleka mpaka mwisho.

Ilikuwa sauti ya mtoto wangu, na ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Sijui kama kuna mama anayeweza kuelewa neno hili bila kunihukumu. Watu walidhani tumepanga. Nje, baada ya Misa, walitushika mikono wote wawili. Mama mmoja, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ananiambia kwamba sauti yangu inamliza, alinivuta pembeni akasema, "Kumbe ulikuwa unatufichia huyu?" Nilicheka. Nikamkumbatia Asifiwe mbele ya watu wote. Tulipofika nyumbani nilimwambia sahani za jana hazijaoshwa, na kwamba mtu hafanyi mambo makubwa kanisani akaacha uchafu nyumbani.

Alinitazama. "Ndiyo, mama," akasema, akaenda kuosha.

Wiki ile nilianza kupiga mahesabu ya namna mpya. Nani alimsalimu yeye kwanza. Papa Kizito alimtazama mara ngapi. Watu walipoanza kusema, "Huyu ndiye mama yake na Asifiwe yule wa kwaya," nilihisi kama mtu aliyekuja kuchukua kiti chake akakuta kimekaliwa, na aliyekikalia ana pua yangu na paji la uso wangu.

Kuhusu siro, hiki ndicho nilichokificha zaidi kuliko vyote. Kabla ya mazoezi moja nilikunywa vifuniko vitatu badala ya kimoja, kwa kuogopa kukatika tena. Nilikaa kwenye benchi, mwili ukawa mzito na wa moto kidogo, na Asifiwe alipoimba nilimsikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Haikuniuma popote. Tangu siku hiyo sikuwa tena nakunywa kwa ajili ya kikohozi.

Nilinunua katika farmasi nne tofauti ili pasiwepo anayejua. Siku chupa niliyoizoea ilipokosekana nilichukua aina nyingine, na juu yake vile vidonge vya mafua vya rangi mbili, maana kichwa kilikuwa kimeanza kuniuma kila asubuhi. Maandishi ya chupa yalikuwa madogo na sikuyasoma. Chupa tupu nilizisukuma chini kabisa ya gunia la unga ambalo sikuliuza. Deo angeniuliza, watoto wangezikuta kwenye takataka, lakini gunia ni la kwangu peke yangu.

Mwili ulianza kusema. Mdomo ulikauka mpaka ulimi ukawa kama kitambaa. Choo kilikataa siku nne, siku tano. Nilijikuna mikono na tumbo. Nilisinzia juu ya sahani, kijiko mkononi, na Deo alikuwa ananigusa bega. "Muke wangu, uko na malaria? Tuende kupima." Nilimwambia ni uchovu wa soko. Alianza kuamka mapema kunibebea magunia kabla ya kwenda kazini, na mimi, badala ya kushukuru, nilimwonea wivu hata yeye kwa mgongo wake usiouma.

Noeli ilipokaribia, Papa Kizito alimpa Asifiwe wimbo wa peke yake. Mimi nikagundua ghafla kwamba kuna mtihani wa serikali.

"Kwaya itakupotezea diplomu," nilimwambia. "Jumatano na Jumamosi utakaa kwenye meza ya unga, usome pale pale."

"Mama, masomo iko sawa. Uliona bulletin yangu, alama zote."

"Nimesema."

Alitii. Wiki tatu alikaa sokoni na kitabu magotini, na wiki tatu zaburi ilikuwa yangu, nikiiimba kwa vifuniko vitano. Niliona naimba vizuri sana. Baadaye nimeambiwa nilikuwa naburuta, na mpiga kinanda alikuwa ananingojea. Papa Kizito alikuja nyumbani, akakaa, akanywa chai, akazungumza na Deo kuhusu saruji, na mwisho akasema neno moja tu: "Tunamuhitaji mutoto." Deo akanitazama, halafu akajibu bila kuniuliza, "Atakuja." Sikumsemesha mume wangu siku mbili.

Mwezi wa kwanza vita viliingia mjini. Sitaeleza mambo hayo hapa, waliokuwepo wanayajua. Nitasema moja tu linalonihusu: tulipolala sakafuni sote watano, milio ikipita juu ya mabati, na Deo akiuliza kuna maji kiasi gani ndani ya nyumba, mimi nilikuwa nawaza kuna siro kiasi gani. Farmasi zilipofunguliwa tena, nilitoka kabla ya watu wa kutafuta mkate.

Ndipo ikaja Kwaresima, na Papa Kizito akatangaza kwamba zaburi ya Jumapili ya Matawi ataimba Asifiwe. Hiyo ndiyo zaburi ngumu kuliko zote za mwaka. Nilikuwa nimeiimba miaka kumi na minane. Alitangaza mbele ya kwaya nzima, akiangalia daftari lake, na wote wakapiga makofi, nami nikapiga.

Alhamisi kabla ya Jumapili hiyo Asifiwe alianza kukohoa. Jumamosi jioni koo lilikuwa limemkwaruza. Alikuja jikoni nilipokuwa nasonga bugari.

"Mama, uko na ile siro yako? Unipe kidogo juu ya kesho."

Kwa hiyo alijua kwamba nina siro. Hakujua ni kiasi gani. Nilikwenda chumbani. Nilimmiminia kifuniko kimoja, akanywa mbele yangu akikunja uso. Nikasema, "Bado kingine." Akanywa. Kabla ya kulala nikamwita tena nikampa zaidi, na kile kidonge juu yake, na nilipokuwa nafanya hivyo nilikuwa najua. Sitaki kuandika kwamba nilikuwa nimechanganyikiwa na dawa. Nilikuwa nimetulia. Nilijua kwamba kesho Misa ya kwanza ni saa moja asubuhi, na kwamba mtu asiyezoea hasimami hata kwa nusu ya kiasi hicho.

Asubuhi nilivaa taratibu. Deo alikwenda kumwamsha, akarudi akisema, "Amechoka huyu, kikohozi kimemumaliza. Tumuache." Nikasema, "Ndiyo, tumwache." Nilikwenda na matawi yangu mkononi na nikaiimba zaburi ile. Sikumbuki nilivyoimba. Ninakumbuka tu kwamba katika ubeti wa mwisho fikra ilinijia bila kuitwa: sikuweka mkono mbele ya pua yake kabla ya kutoka.

Sikungoja baraka. Nilichukua pikipiki, na dereva aliniuliza kama kuna mtu amekufa. Nilimkuta amelala ubavu, mdomo wazi, anavuta pumzi moja moja, kwa kuchelewa. Nilimwita. Nilimpiga mashavu. Nilimmwagia maji. Akafungua macho, akayafunga, akayafungua. Mchana alitapika mara mbili na akatembea akishika ukuta. "Kichwa inazunguka, mama," alisema, akanishika kiuno ili asianguke. "Nani aliimba?"

"Mimi."

"Mungu ni mwema," akasema.

Juma Kuu lile nilikunywa kama mtu anayetaka kujifuta. Sikuhesabu vifuniko, nilikunywa kwenye mdomo wa chupa. Siku ya Pasaka sikwenda Misa. Chakula kilininukia vibaya, hata chumvi. Chini ya mbavu za kulia palikuwa na kitu kizito kilichouma nikigeuka. Mkojo ulikuwa wa rangi ya chai isiyo na maziwa. Asifiwe ndiye aliyenivuta kwenye mwanga wa mlango, akanifunua kope kwa kidole gumba, akapiga kelele: "Papa! Macho ya mama ni ya manjano!"

Hospitalini tulingoja toka asubuhi hadi alasiri. Korido lilikuwa limejaa majeruhi, wengine juu ya mikeka. Mtu anayeugua maini hana damu ya kuonyesha. Nilikaa kwenye benchi nikiegemea bega la Deo na nikaona aibu kuchukua nafasi. Mvua ilianza, ikaacha, ikaanza tena. Nilipopata kitanda, upande wangu wa kushoto alikuwepo Mama Furaha, mwanamke wa Mugunga aliyeumizwa mguu na kipande cha bomu. Kila aliyeingia alimwuliza, "Mama, ulipatwa na nini?" naye alieleza, na watu wakatikisa kichwa kwa huruma. Nilimwonea wivu. Ndiyo, mwanamke aliyechanika mguu. Nilimwonea wivu kwa sababu alikuwa na jeraha analoweza kulieleza.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye macho ya mtu asiyelala. Alinibonyeza tumbo, akaagiza damu, akauliza, "Mama, unakunywaka dawa gani nyumbani?"

"Hakuna. Chai ya mchaichai tu."

"Hakuna kabisa? Ya kichwa? Ya kukohoa? Ya kienyeji?"

"Hakuna."

Asifiwe alikuwa amesimama nyuma yake na thermosi mkononi. Alifungua kifuniko chake, akakifunga tena.

Siku mbili walinitafuta ugonjwa ambao sikuwa nao. Damu, mkojo, damu tena. Nilizidi kuwa wa manjano. Usingizi ulikuwa unanipeleka katikati ya sentensi. Na hapo hapo mwili ulianza kudai siro: jasho baridi, pua kutiririka, miguu isiyotulia kama ya mtu anayetaka kukimbia akiwa amelala, tumbo lililokuwa limefunga majuma sasa halizuiliki. Kikohozi kilirudi na hasira za mwaka mzima. Nilidhani ninakufa, na bado sikusema.

Siku ya tatu Asifiwe alichelewa kuja. Alikuwa ameshika meza yangu sokoni. Mteja aliomba unga, magunia mengine yalikuwa yameisha, Asifiwe akafungua lile la chini, na alipochota ikatoka chupa. Akachota tena, ikatoka nyingine. Aliingia wodini na mfuko wa plastiki, hakunisalimu. Alizipanga kwenye ukingo wa kitanda moja moja, zote nyeupe kwa unga, mpaka zikakosa nafasi, zikaanza kuangukia shuka. Halafu akatoka kwenda kumwita daktari.

Daktari alipangusa chupa mbili kwa koti lake, akasoma, akachukua pakiti ya vile vidonge iliyobaki ndani ya mfuko, akasoma. "Hizi mbili na hivi vidonge, ndani kuna dawa moja ileile ya maumivu, nayo ikizidi inaharibu maini," alisema. "Ulikuwa unaikunywa mara tatu, mama, kila siku. Na hii nyingine ndiyo iliyokushika usiweze kuacha. Kwa nini hukuniambia?" Hakungoja jibu. Jioni ile walibadilisha kilichokuwa kinaingia mshipani mwangu. Wewe unayesoma, kama kuna jambo moja tu la kuchukua hapa, chukua hili: siku ya kwanza, mwonyeshe daktari kila chupa. Zile siku mbili za uongo karibu zinipeleke kaburini, na aibu niliyokuwa naikimbia ilinikuta kitandani hata hivyo.

Majuma matatu nilikaa pale. Niliyapima kwa chupa za maji zilizoning'inia juu yangu na kwa rangi ya macho yangu, ambayo Mama Furaha alinisomea kila asubuhi maana hapakuwa na kioo: "Leo ni kama ndizi. Leo ni kama ndizi mbichi kidogo." Siku aliyosema, "Leo naona nyeupe pembeni," tulicheka mpaka mguu wake ukamuuma.

Asifiwe alinihudumia. Aliacha mazoezi yote. Alinigeuza, aliniosha, alinichana nywele zilizokuwa zinatoka kwa mafungu. Wauguzi walimpenda. "Uko na mutoto wa zahabu," waliniambia. Nisikilize vizuri: hata hapo, nikiwa ninaoshwa na mikono yake, wivu ulikuwepo. Aliimba kwa sauti ya chini akifua shuka uani, na wagonjwa walioweza kutembea walisogea dirishani. Na nilipokumbuka kwamba kwa ajili yangu haimbi tena kanisani, moyo wangu ulifurahi, halafu ukajiona umefurahi.

Ndipo nikamwambia. Alikuwa ananiosha miguu kwenye beseni.

"Asifiwe. Jumapili ya Matawi hukulala kwa sababu ya kikohozi."

Aliendelea kuosha.

"Nilikuzidishia. Kwa kusudi. Sikutaka uimbe. Nilikuwa nakuonea wivu, mwanangu, tangu siku ile uliponimalizia ubeti."

Mikono yake ilisimama ndani ya maji. Akaitazama miguu yangu. Halafu akaikausha, wa kulia, wa kushoto, vidole kimoja kimoja, akabeba beseni akatoka. Hakurudi siku ile. Wala kesho yake.

Deo alikuja peke yake. "Umemwambia nini mutoto? Hasemi, hakule." Nikalazimika kusema mara ya pili, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Mume wangu ni mtu mpole. Alisimama, akaenda dirishani, akashika chuma za dirisha kwa mikono miwili. Niliona mgongo wake unapanda na kushuka. Mwishowe alisema bila kugeuka, "Ungeniambia tu kama unaona wivu, Vumilia. Ningejua la kufanya na wivu. Sasa hii, nitafanya nayo nini?"

Siku hizo mbili nililishwa na binti wa Mama Furaha, aliyegawa chungu cha mama yake mara mbili bila kuambiwa na mtu. Mama Furaha alikuwa amesikia kila neno. Vitanda vyetu vilitenganishwa na hatua moja. Hakunihukumu na hakunifariji. Alisema tu, "Kula, uko na safari ya kurudi nyumbani."

Siku ya tatu Asifiwe aliingia na uji.

"Nimekuja juu ya Papa," alisema. "Amechoka."

Akaniinua, akaweka mto. Nilikunywa nusu kikombe kabla hajauliza, "Ungepata chupa leo, ungekunywa?"

Nilitaka kusema hapana. "Ningekunywa," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa bei ya kweli. "Basi haitaingia tena nyumbani. Hata ya watoto. Mtu akikohoa, tutaenda naye kwa daktari."

Hivyo ndivyo tunavyofanya. Walinipima kifua, na haikuwa kifua kikuu, ilikuwa unga na vumbi, jambo ambalo ningejua kwa asubuhi moja ya kungoja mwaka mzima kabla. Niliacha unga, sasa nauza maharagwe na mtama, nikifunga kitambaa puani. Tamaa ya siro iliniandama miezi. Hata sasa nikipita farmasi ya yule mama mwenye miwani ninavuka barabara. Sinywi pombe, sili mafuta mengi, narudi kupimwa damu kila wanaponiita. Sauti imebaki robo. Noti za juu zimekwenda na hazitarudi, daktari hakuniahidi na mimi sikumwuliza mara mbili.

Asifiwe alirudi kwaya. Zaburi ni yake. Ninakaa benchi la tano, upande wa wanawake, na kila Jumapili anaposimama kuna kitu kinachonibana hapa, nisidanganye. Nilidhani kitatoka pamoja na umanjano. Hakikutoka. Tofauti ni kwamba sasa nikitoka Misani namwambia Deo, "Leo kilinishika katika ubeti wa tatu," naye ananijibu, "Kilikuacha saa ngapi?" na tunaenda kununua sambaza, vile visamaki vya ziwa.

Wiki iliyopita Asifiwe alikuwa anajaribu zaburi mpya uani, nami nachambua maharagwe. Alirudia mstari mmoja mrefu mara nne na kila mara pumzi ilimwishia. Mimi najua mahali pa kuvutia pumzi katika mstari ule. Kwa miaka yote sikumwonyesha mtu. Nilichambua, nilichambua, mpaka akaja akasimama mbele yangu.

"Mama, hapa wewe ulikuwa unavutaka pumzi wapi?"

Niliweka ungo chini. Nilichukua kiganja chake nikakiweka kwenye mbavu zangu, nikaimba kwa ile robo niliyobaki nayo, polepole, ili ahisi zinapofunguka. Akajaribu. Akajaribu tena, na pikipiki ikapita nje ya ua na vumbi lake, akaanza kukohoa. Nikaingia ndani nikamletea maji ya vuguvugu katika kikombe.

Alikipokea. Kabla ya kunywa alikiinua kidogo kuelekea puani, akanusa, haraka, kama mtu asiyetaka kuonekana. Niliona. Aliona kwamba nimeona.

Kisha akanywa, yote, akanirudishia kikombe.

"Tuanze tena, mama," akasema.